Likizo ya Jamaa Mlimani Rwenzori: Kila Mwezi Una Shughuli Yake

Barabara ipitayo Ruharo, katika mji wa Mbarara, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na hospitali ya misheni inayojulikana mbali kwa matibabu ya macho, huwaona wasafiri wa kila namna. Wapo waendao Bushenyi kwa biashara ya ndizi, wapo wanafunzi warudio shuleni, na wapo askari waliovaa kiraia, mizigo mkononi, wakirejea kazini baada ya likizo. Ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka kwamba barabara hiyo hiyo, mtu akiifuata kwa muda wa nusu siku tu, humfikisha chini ya milima yenye barafu.

Milima hiyo ni Rwenzori. Watoto hufundishwa habari zake darasani, na mtoto hodari akiulizwa kimo cha kilele cha Margherita hujibu bila kusita kuwa ni mita 5,109, nacho ni cha tatu kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini katika nyumba za askari na polisi, kama ilivyo katika nyumba nyingine nyingi za Mbarara, milima hiyo imebaki kuwa jambo la kitabuni. Watu wengi huamini mambo mawili. La kwanza ni kwamba mlima ni wa wageni kutoka Ulaya wenye fedha na vifaa. La pili ni kwamba mlima una misimu miwili tu ya kiangazi, na miezi mingine yote ni ya kukaa mbali.

Mambo hayo yote mawili yana punje ya ukweli, lakini si ukweli kamili. Kilele kweli kina msimu wake na gharama yake. Hata hivyo kilele ni sehemu ndogo sana ya mlima. Chini yake kuna msitu, mito, maporomoko ya maji, vijiji, mashamba ya kahawa na nyumba za wageni zisizo na fahari, ambako baba, mama na watoto wanaweza kupumzika na kutembea Januari kama vile Mei. Linalotakiwa ni kujua mwezi gani unafaa kwa shughuli gani.

SAFARI KUTOKA RUHARO

Kutoka Mbarara hadi Kasese ni mwendo wa karibu kilomita 150, na njia yenyewe ni sehemu ya starehe. Baada ya Bushenyi na Ishaka, msafiri hupita mashamba ya chai na msitu wa Kalinzu, kisha huingia nchi ya maziwa madogo yaliyojaa ndani ya mashimo ya volkano za kale, katika wilaya ya Rubirizi. Hapo Kichwamba ardhi hukatika ghafula. Chini huonekana Bonde la Ufa lote, na siku za anga jeupe milima husimama upande wa pili kama ukuta wa buluu.

Barabara hushuka hadi bondeni, huvuka mfereji wa Kazinga unaounganisha maziwa ya George na Edward, hupita katikati ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na kuvuka mstari wa ikweta kabla ya kufika Kasese. Wenye magari yao wakumbuke kuwa ndani ya hifadhi tembo na nyati wana haki ya njia, na kwamba haifai mtu kushuka garini ili kupiga picha. Wasio na magari watapata basi au teksi za abiria.

Kutoka Kasese kuna njia mbili kuu za kuufikia mlima. Moja huenda Kilembe, ambako palikuwa na machimbo ya shaba yaliyofanya kazi tangu mwaka 1956 hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Nyingine hufuata barabara ya Fort Portal, kisha hukata kushoto kwenda Ibanda na Nyakalengija, penye lango la hifadhi katika bonde la mto Mubuku. Nyakalengija haipiti kilomita 25 kutoka Kasese, lakini ni mahali pa mbali kwa tabia yake. Lami imekwisha, kelele za mji zimekwisha, na usiku husikika mto tu. Karibu na hapo ipo nyumba ya wageni ya Ruboni, ambayo huendeshwa na jumuiya ya wanakijiji wenyewe.

Mji wa Kasese una joto kali, lakini kadiri mtu apandavyo hewa hupoa. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa kiasi cha digrii 6. Kwa hiyo anayeondoka Kasese akitokwa na jasho atahitaji sweta jioni ile ile. Katika nchi hii iliyo juu ya ikweta, kimo cha mahali hubadilisha baridi kuliko mwezi wa mwaka. Kinachobadilika kwa mwezi ni mvua.

MLIMA WENYEWE

Rwenzori haikutokana na volkano kama Muhabura au Kilimanjaro. Ni bonge kubwa la miamba ya kale lililosukumwa juu kutoka ardhini wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka. Ina vilele vingi vilivyokusanyika katika vikundi sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Majina hayo ni ya kigeni. Mwingereza Stanley aliiona milima hiyo mwaka 1888, na Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikuwa wa kwanza kuandikwa kuwa amefika kilele cha Margherita, tarehe 18 Juni 1906.

Lakini Wakonzo walikuwepo tangu zamani, nao ndio waliomwonyesha njia na kumbebea mizigo. Kwao barafu huitwa nzururu, na huko juu ndiko yaliko makao ya Kitasamba, mwenye mlima. Wazee hawakuona busara kwenda kumsumbua bila sababu. Hata leo mgeni mwenye adabu hapigi kelele ovyo mlimani wala hatupi takataka, na adabu hiyo inawapendeza wazee na walinzi wa hifadhi vilevile.

Serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori mwaka 1991, na mwaka 1994 shirika la UNESCO likaiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 1,000. Mtu akipanda, hupita kana kwamba anapita nchi mbalimbali. Kwanza ni msitu mnene wenye mbega, kima na sokwe mtu, na ndege wa rangi nzuri aitwaye shorobo wa Rwenzori. Kisha huja mianzi. Kisha miti iliyopinda, iliyovikwa kuvumwani na mimea inayoning'inia mithili ya ndevu. Juu zaidi ni vinamasi vyenye lobelia warefu kuliko mtu, na mwisho ni mawe na barafu.

DESEMBA HADI FEBRUARI

Hiki ndicho kipindi cha ukavu zaidi, ingawa katika Rwenzori neno ukavu lina maana ya mvua chache tu. Ndicho kipindi wanachokipenda wale wanaokusudia kilele. Safari ya mzunguko mkubwa kutoka Nyakalengija huchukua kiasi cha siku saba au nane. Mpandaji hulala katika vibanda: Nyabitaba kwenye mita 2,651, John Matte, Bujuku, Elena kwenye mita 4,541, Kitandara na Guy Yeoman, kisha hurudi alikoanzia. Si safari ya watoto, wala si ya mtu mzima aliyeacha mazoezi miaka mingi. Askari kijana mwenye afya anaweza kuifanya akijitayarisha, lakini asidhani kwamba nguvu za gwaride zinatosha. Hewa nyembamba ya juu haijali cheo.

Kwa familia, miezi hii ina faida nyingine, kwa kuwa shule zimefungwa na anga ni safi. Inatosha kuamka alfajiri na kupanda kilima kimojawapo jirani na kijiji, nje ya hifadhi, pamoja na mwelekezi. Kabla ya saa tatu asubuhi mawingu huwa hayajafunika, na watoto huweza kuviona vilele vya Portal kwa macho yao. Matembezi ya saa tatu au nne yanamtosha mtoto wa umri wa miaka minane. Baadaye ni kuoga, kula na kulala mchana, jambo ambalo baba aliyezoea zamu za usiku hatalikataa.

MACHI HADI MEI

Mvua kubwa hunyesha. Njia za juu hugeuka matope, na wageni hupungua sana. Hapa ndipo wengi wanapokata safari, lakini hapa pia ndipo mlima unapokuwa na utulivu, na maporomoko ya maji huwa katika nguvu zake zote. Msitu hujaa milio ya vyura na ndege, na mwelekezi mwenye macho makali huweza kumwonyesha mtoto kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye asiyejua hupita karibu naye mara kumi bila kumwona.

Shughuli za wakati huu zifanywe asubuhi, kabla mvua haijaanza, na ziwe fupi. Mchana ni wa kijijini. Mhunzi hufua majembe na visu kwa moto wa mkaa na viriba vya kupulizia. Akina mama husuka mikeka na vikapu. Jikoni, mgeni anaweza kufundishwa namna Wakonzo wanavyopika muhogo na samaki au maharagwe. Mama aliyetoka Mbarara na matoke yake atapata la kujifunza na la kufundisha. Wazee nao, mvua inaponyesha juu ya paa, huwa na hadithi.

Sharti moja la miezi hii lisisahauliwe: kukaa mbali na kingo za mito. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu sehemu za Kilembe na Kasese. Mwezi wa Mei 2020 mito kadhaa ya mlima ilifurika tena, ikabomoa nyumba na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Watu wanaoishi huko hawasahau. Maji hushuka na mawe makubwa, na hufika bondeni hata kama bondeni hakukunyesha. Hema lisipigwe kando ya mto, na mtoto asiachwe kuchezea maji bila mtu mzima.

JUNI HADI AGOSTI

Mvua hupungua tena, na wapandaji hurudi. Kwa askari ambaye likizo yake ni fupi, hiki ndicho kipindi cha kujaribu njia ya Mahoma. Ni safari ya siku tatu ambayo huanzia Nyakalengija, hupanda polepole katika msitu na mianzi, na kufika ziwa Mahoma kwenye kimo cha karibu mita 3,000. Anayeifanya ataona tabaka za mlima karibu zote, isipokuwa mawe na barafu ya juu kabisa. Haidai kamba wala vyuma vya kupandia, bali miguu na subira. Baba na kijana wake wa miaka kumi na sita wanaweza kuifanya pamoja, na maneno ambayo hayasemwi nyumbani kwa mwaka mzima husemwa njiani.

Upande wa Kilembe pia una matembezi ya siku moja au mbili kuelekea Kalalama, ambako mtu huacha msitu na kuona bonde lote la chini. Likizo ya shule ya Agosti inapoanza, bado kuna siku kavu za kutosha kwa watoto kufanya matembezi mafupi ya msituni. Ukavu huu una hatari yake: nyasi na mimea ya juu hushika moto upesi. Anayevuta sigara asitupe kipande kinachowaka, na moto wa kuotea uwashwe mahali palipoagizwa na mwelekezi tu.

SEPTEMBA HADI NOVEMBA

Mvua ya pili huja, na kijijini ni wakati wa kahawa. Katika miteremko ya Rwenzori hulimwa kahawa aina ya arabika, na kuelekea mwisho wa mwaka matunda yake mekundu huonekana karibu na kila nyumba. Mgeni anaweza kusaidia kuchuma, kuona jinsi maganda yanavyomenywa na punje kuoshwa na kuanikwa, kisha kukaangiwa na kutwangiwa kikombe chake mwenyewe. Watoto waliozoea kuona kahawa katika kopo la dukani hupata somo ambalo hawatalisahau.

Matembezi ya asubuhi huendelea kama yale ya Machi hadi Mei, kwa tahadhari zile zile za mito na utelezi. Huu pia ni wakati mzuri kwa wenye kupenda ndege, kwani hakuna msongamano wa wageni na mwelekezi humpa kila mtu nafasi.

MAVAZI NA CHAKULA

Si lazima kununua vifaa vya bei kubwa. Kwa matembezi ya chini, familia inahitaji sweta moja kwa kila mtu, koti la mvua, suruali ndefu, soksi za akiba na viatu vya mpira viitwavyo gambuti, ambavyo hupatikana katika soko lolote la Mbarara. Wapagazi wenyewe huvipenda kuliko viatu vya ngozi, kwa sababu tope la Rwenzori humeza kiatu kifupi. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja, kisha ndipo ziwekwe katika shanta. Nguo kavu ya jioni ina thamani kuliko nguo nzuri ya mchana. Fimbo ya kutembelea isidharauliwe, hasa wakati wa kushuka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mlimani maneno hayo ni kweli tupu, kwani magoti mengi huumia siku ya kurudi.

Chakula cha njiani kiwe kile ambacho jamaa wamezoea: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, karanga za kukaanga, ndizi mbivu na chai ya tangawizi katika chupa ya kuhifadhi joto. Maji ya mtoni yasinywewe kabla ya kuchemshwa, hata kama yanaonekana maangavu. Kasese na mabonde yake yana mbu, kwa hiyo chandarua ni cha lazima usiku, na anayepata homa baada ya kurudi nyumbani apimwe malaria bila kuchelewa.

HATARI ZISIZOFAA KUDHARAULIWA

Hatari kubwa ya mlima mrefu ni ugonjwa wa kimo. Huweza kuanza mtu apitapo mita 2,500, na humpata mwenye nguvu kama anavyompata mnyonge. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asiendelee kupanda. Akizidi kuwa mgonjwa, akayumba kama mlevi, akachanganyikiwa au akahema hata akiwa amekaa, dawa yake ni moja: ashushwe mara moja, usiku au mchana, wala asiachwe peke yake. Ili kujikinga, mtu akishapita mita 3,000 asilale kila usiku mahali palipo juu kwa zaidi ya mita 500 kuliko usiku uliotangulia, na apumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne.

Hatari ya pili ni baridi pamoja na unyevu. Mtu aliyelowa hupoteza joto haraka hata kama hakuna barafu. Mtoto anayetetemeka, kisha akaacha kutetemeka na kuanza kusinzia, yumo hatarini. Avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe pamoja na mtu mwenye joto, na apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa bado anaweza kumeza vizuri. Pombe haifai. Humdanganya mtu kuwa amepata joto, kumbe analipoteza.

Hatari ya tatu ni kiburi. Ndani ya hifadhi hakuna mtu anayeruhusiwa kupanda bila mwelekezi, na hilo si suala la ada peke yake. Ukungu huweza kufunika njia kwa dakika chache. Askari aliyezoea kusoma ramani na dira asifikiri kuwa hilo halimhusu. Kabla ya safari, ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iulizwe juu ya hali ya njia, hali ya usalama, ada ya wananchi ambayo ni ndogo kuliko ya wageni wa mbali, na umri wa watoto wanaoruhusiwa. Wakazi wa Nakivale nao waulize mapema katika ofisi ya makazi yao kuhusu kibali cha safari.

MLIMA MMOJA, PANDE MBILI

Kwa watu wa Nakivale, yale makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika nchi ya Isingiro, milima hii si ngeni kwa wote. Wapo waliotoka Kongo Mashariki, na baadhi yao wameiona tangu utotoni kutoka upande wa pili, Beni na Mutwanga, jirani na Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Wanande wa upande ule na Wakonzo wa upande huu ni ndugu, na lugha zao zinasikilizana. Askari wa Mbarara anayezungumza Kiswahili na mkimbizi wa Nakivale anayezungumza Kiswahili wanaweza kukaa pamoja na kusimuliana habari za mlima mmoja waliouona kwa migongo yake miwili.

Milima hiyo imeona pia vita. Mwaka 1996 waasi wa ADF waliingia Uganda kupitia Mpondwe, wakajificha katika misitu ya Rwenzori. Hifadhi ilifungwa kwa wageni mwaka 1997 na haikufunguliwa hadi 2001, na tangu 1999 hadi 2004 UNESCO iliiweka katika orodha ya mahali palipo hatarini. Wapo askari waliopanda miteremko hiyo wakiwa na bunduki, katika mvua ile ile na matope yale yale, na wapo wenzao ambao hawakushuka. Miaka ile wapagazi na waelekezi wa Ibanda na Kilembe walikaa bila kazi ya mlima. Familia inayopanda leo kwa kufurahi inatembea katika njia zilizogharimu damu, na si vibaya baba kumwambia mwanawe hivyo.

Tena kuna faida isiyoonekana upesi. Ajira ya mpagazi hufuata wageni: Januari na Julai huitwa kazini, Aprili na Oktoba hukaa nyumbani. Kibanda cha John Matte kina jina la mtu wa Ibanda aliyeshughulika na wapagazi kwa miaka mingi, na kazi yao bado ni ile ile ya mgongo na miguu. Jamaa wa Mbarara wanaokwenda katika miezi ya mvua, wakalala kijijini siku mbili, wakamlipa mwelekezi, wakanunua kikapu na ratili ya kahawa, huingiza fedha katika nyumba hizo wakati fedha zimekauka. Na kijiji kinachofaidika na msitu ulio hai hakina haraka ya kuukata.

BARAFU INAYOPUNGUA

Mwaka 1906 barafu za Rwenzori zilikuwa 43, katika vikundi vyote sita vya vilele. Kufikia mwisho wa karne iliyopita zilikuwa zimebaki katika Stanley, Speke na Baker tu. Wataalamu walikadiria kuwa eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 2 mwaka 1987, nalo likashuka hadi chini ya kilomita moja ya mraba mwaka 2003. Tangu hapo upungufu haukusimama. Sababu kubwa ni kuongezeka kwa joto la hewa duniani.

Wengine huogopa kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Uchunguzi umeonyesha kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya maji ya Mubuku, na kwamba mto huo hutegemea mvua inayoangukia msitu na vinamasi vya juu. Habari hiyo inafariji, lakini inaonya pia. Maana yake ni kwamba maji ya kunywa, ya kumwagilia mashamba na ya kuendesha mitambo ya umeme ya bonde hilo yamo mikononi mwa wale wanaoutunza msitu, wala si mikononi mwa barafu peke yake.

Lakini barafu yenyewe haitangoja. Mtoto aliyezaliwa leo Ruharo huenda akakua akasoma kitabuni kwamba hapo zamani karibu na ikweta, katika nchi yake mwenyewe, palikuwa na mlima mweupe. Kaka yake wa miaka kumi bado anaweza kuuona akisimama Kichwamba au juu ya kilima cha Nyakalengija asubuhi ya Januari yenye anga safi. Nauli ya basi, sweta na siku tatu za likizo zinatosha. Mzazi anayepanga likizo yake ya mwaka huu aiweke safari hiyo katika hesabu, kabla ya hesabu ya mambo yanayoweza kungoja.